Steam Machine: Padi ya ajabu imeshapita mtihani, sasa wachezaji wanaulizia bei

Novemba 12, 2025, kampuni ya Valve ya Marekani, wenye duka la gemu la Steam, ilitangaza vifaa vitatu kwa mpigo. Kuna Steam Machine, boksi la kuunganisha kwenye TV. Kuna Steam Frame, miwani ya kuvaa kichwani. Na kuna Steam Controller, padi mpya ya kuchezea. Vyote vilitajwa kuingia sokoni mapema 2026.

Bei je? Haikutajwa hata moja.

Mitandao ikawaka. Boksi ni dogo, kila upande kama sentimita 16 hivi, na watani hawakuchelewa kulibatiza "GabeCube", wakichanganya jina la bosi wa Valve, Gabe Newell, na GameCube, konsoli ya zamani ya Nintendo. Utani ulipopoa, mjadala ukahamia kwenye padi. Na hapo ndipo kuna jambo la kuangalia, kwa sababu padi ya aina hii Valve walishaileta mwaka 2015, ikawashinda kuuza.

Padi yenyewe ikoje?

Kwa haraka haraka inafanana na za PlayStation au Xbox. Ina vijiti viwili, vitufe vinne vya kulia na msalaba wa kushoto. Shuka chini kidogo, unakutana na vibao viwili vya mraba, kimoja kwa kila dole gumba. Vinafanya kazi kama kile kibao cha kugusa kilichopo kwenye laptopu. Nyuma kuna vitufe vinne vya ziada, na padi yenyewe inajua umeiinamisha upande gani.

Sababu ya vibao hivyo ni moja. Gemu nyingi zilizopo Steam zilitengenezwa kwa ajili ya kompyuta, na mchezaji wa kompyuta anatumia kipanya. Chukua gemu ya kujenga dola kama Civilization. Unabofya ramani, unabofya jeshi, unabofya orodha ndefu ya vitu vya kujenga. Kufanya hivyo kwa kijiti cha padi ni kama kuandika kwa mkono usio wako. Kibao cha kugusa kinampa aliyekaa kwenye kochi kitu kinachokaribia kipanya.

Mara ya kwanza walikataa

Septemba 2013 Valve walionyesha padi yao ya kwanza. Haikuwa na kijiti hata kimoja, ilikuwa na vibao viwili vya duara tu. Mpaka inaingia sokoni Novemba 2015 kwa dola 49.99, kijiti kimoja kilikuwa kimerudishwa upande wa kushoto. Cha kulia, kile cha kulengea shabaha, hakikurudi. Mahali pake palikaa kibao.

Wapo walioipenda sana, na mpaka leo wapo wanaoitetea. Lakini kwa mtu aliyecheza na vijiti viwili tangu utotoni, ilikuwa ni kuanza upya. Vidole vilishazoea kitu kingine. Novemba 2019 Valve waliacha kuitengeneza, na zilizobaki stoo zikauzwa kwa dola 5 tu kila moja.

Mashine zake nazo hazikufika mbali. Steam Machine za 2015 zilitengenezwa na kampuni mbalimbali, Alienware ikiwemo, na zilitumia mfumo wa Linux. Gemu za Windows zilikuwa hazifunguki humo, kwa hiyo mtu alinunua mashine akabaki na gemu chache za kucheza.

Nini kimebadilika?

Cha kwanza, padi mpya haimnyang'anyi mtu kitu. Vijiti viwili vipo palepale, vibao vimeongezwa chini yake. Asiyevitaka anaviacha, na gemu yake inaendelea kama kawaida.

Cha pili, mikono imeshafundishwa. Tangu Februari 2022 Valve wanauza Steam Deck, kifaa cha kushika mkononi, nacho kina vibao viwili vya mraba vya namna hiyohiyo. Wachezaji wengi walioiona padi mpya waliitambua mara moja: ni Steam Deck iliyotolewa kioo.

Cha tatu, vijiti vyenyewe vinatumia teknolojia ya sumaku. Mwenye padi za kawaida anajua ugonjwa wa kijiti kuchoka, ambapo mchezaji wako uwanjani anaanza kutembea mwenyewe bila kuguswa. Katika vijiti vya sumaku, sehemu inayopima mwendo haisuguani, kwa hiyo haichakai kwa njia ile. Kwa mtu aliyeshanunua padi mbili au tatu kwa sababu ya ugonjwa huu, hiyo ni habari kubwa kuliko vibao.

Na kwa upande wa gemu, tangu 2018 Valve wana programu iitwayo Proton inayowezesha gemu nyingi za Windows kuchezeka kwenye Linux. Lile pengo la 2015 limezibwa kwa sehemu kubwa.

Historia inasema nini?

Kicheko cha kwanza hakitabiri mauzo. Septemba 2005 Nintendo walionyesha padi ya Wii yenye umbo la rimoti ya TV. Wengi walishangaa, wengine wakaidharau. Wii iliuza zaidi ya milioni 100, kwa sababu hata asiyewahi kucheza gemu aliielewa: punga mkono, mpira wa tenisi unaenda.

Upande wa pili kuna Xbox One ya 2013. Microsoft waliiuza ikiwa na Kinect, kamera inayosoma mwili wa mchezaji, kwa dola 499. Hakukuwa na namna ya kununua konsoli peke yake. PlayStation 4 ilikuwa dola 399. Kufikia Juni 2014 Microsoft walisalimu amri, wakaanza kuuza Xbox One bila Kinect kwa dola 399.

Halafu kuna mfano wa mwaka 2025, Nintendo Switch 2. Padi zake unaweza kuzilaza ubavu na kuzitelezesha mezani kama kipanya, na wazo hilo lilipokelewa vizuri. Kelele zilikuja Aprili, bei ilipotangazwa: dola 449.99 kwa konsoli, na dola 79.99 kwa gemu ya Mario Kart World. Matangazo ya moja kwa moja ya Nintendo yaliyofuata yalijaa ujumbe mmoja wa watazamaji: shusheni bei. Nintendo hawakushusha. Juni ilipofika, konsoli iliuza zaidi ya milioni 3.5 ndani ya siku nne, na kufikia mwisho wa Septemba ilikuwa imepita milioni 10.

Ukiipanga mifano hiyo unaona kitu. Mchezaji anavumilia umbo la ajabu, ilimradi ana gemu ya kulitumia. Anachokataa ni kulazimishwa kulipia kitu asichokihitaji. Na akiamini kuna gemu anayoitaka, analalamika huku akitoa hela.

Ndiyo maana sasa ni bei

Steam Machine inakuja wakati mbaya wa kununua. Kwa kawaida konsoli hushuka bei kadiri inavyozeeka. Safari hii zinapanda. PlayStation 5 iliyoanza kwa dola 499.99 mwaka 2020 ilipandishwa hadi dola 549.99 Marekani mwaka 2025. Xbox Series X nayo ilifika dola 649.99 mwaka huohuo. Chipu za memori nazo zimepanda bei, kwa sababu vituo vya akili mnemba vinazinunua kwa wingi.

Sony na Microsoft wanaweza kuuza konsoli kwa faida ndogo, au hata kwa hasara, kisha wakarudisha hela kwenye gemu, kwa sababu mwenye konsoli hana duka lingine. Boksi la Valve ni kompyuta iliyo wazi. Mtu anaweza kuliweka Windows na kulifanya la ofisini, asinunue gemu hata moja. Mwaka 2025 Valve walieleza kwamba bei ingelingana na ya kompyuta yenye uwezo kama huo. Kwa waliokuwa wanategemea bei ya kutupa, hiyo ilikuwa maji ya baridi.

Kuna wanaolalamikia uwezo pia. Kadi ya picha ina memori ya GB 8, na wachezaji wa kompyuta wanaona ni ndogo kwa gemu nzito zinazokuja. Wakiambiwa bei ni ya konsoli, wataikubali. Wakiambiwa ni ya kompyuta, wataihesabu kila GB.

Kwa wa Dar na Nairobi

Hapa kuna mambo mawili ya kujua kabla ya kuanza kudunduliza.

Mwaka 2025 Valve walisema wangeiuza katika masoko yaleyale ya Steam Deck: Marekani na Kanada, Uingereza na Umoja wa Ulaya, Australia na sehemu chache za Asia. Afrika haikuwemo. Anayeitaka ataagiza kupitia mtu, na juu ya bei ya Valve ataweka usafiri, ushuru na faida ya mleta mzigo. Ikiharibika, waranti iko mbali.

La pili ni zito zaidi. Kitaa, gemu kwanza ni mpira. EA Sports FC 26 ina programu ya kuwanasa wanaochiti, na programu hiyo haikubali mfumo wa Linux ambao Steam Machine inakuja nao. Fortnite na Battlefield 6 zina tatizo hilohilo. Anayetaka kupiga FC kwenye boksi hili itambidi aweke Windows mwenyewe, na wengi wanaonunua konsoli wanainunua ili waepuke shughuli za namna hiyo.

Kwa hiyo mwenye kibanda cha PS asiwe na haraka. Padi ni nzuri, na safari hii Valve wamesikiliza vidole vya watu. Lakini padi haitaamua peke yake. Kwa soko la Marekani itaamua bei. Kwa soko la huku, kabla hata ya bei, swali ni moja: FC inafunguka?