Usiilaumu Printa: Kuchapisha Kichina na Kijapani Kutoka kwa Seva

Leo nataka tuzungumzie jambo ambalo sisi waandishi wa programu hapa Kenya hulipuuza mpaka siku mteja anapopiga simu kwa hasira: seva inachapisha ankara vizuri kabisa, lakini jina la muuzaji wa Guangzhou au Yokohama linatoka kama safu ya vijisanduku vitupu. Magari mengi yaliyotumika tunayonunua hutoka Japani, na bidhaa nyingi madukani hutoka Uchina. Kwa hivyo stakabadhi zenye maandishi hayo si jambo geni katika ofisi zinazotoa mizigo bandarini Mombasa.

Nimesikia dawa mbili zikipendekezwa mara kwa mara. Ya kwanza ni kununua printa ghali zaidi. Ya pili ni kumwambia mteja aandike majina kwa herufi za Kilatini, yaishe. Maoni yangu ni kwamba zote mbili ni za kukwepa kazi.

Kwanza tuelewe tatizo lenyewe. ASCII ina nafasi 128 tu. Baiti moja ina nafasi 256. Hizo zinatosha Kiingereza na zinatosha Kiswahili, lakini lugha yenye maelfu ya herufi haiwezi kuenea humo. Ndiyo maana Wajapani walitoa kiwango chao cha herufi mwaka 1978, na Wachina wakatoa GB 2312 mwaka 1980 chenye herufi za Kichina 6,763. Kila herufi ya Kichina ilipewa baiti mbili, na baiti mbili zina nafasi 65,536. Hapo ndipo lilipotoka jina la lugha za baiti mbili. Siku hizi jina hilo limepitwa na wakati kidogo, kwa sababu katika UTF-8, iliyobuniwa na Ken Thompson na Rob Pike mwaka 1992, herufi nyingi za Kichina huchukua baiti tatu.

Sasa tazama karatasi iliyoharibika. Karatasi yenyewe hukuambia ugonjwa uko wapi:

1. Ukiona vijisanduku, herufi zimefika salama lakini seva haina fonti ya kuzichora.

2. Ukiona takataka za herufi za Kilatini zenye alama za ajabu, baiti ni sahihi ila zimesomwa kwa mfumo usio wake. Kwa mfano, faili ya Shift_JIS imesomwa kana kwamba ni ya Kizungu. Wajapani wana jina la balaa hili, mojibake.

3. Ukiona alama za kuulizia mfululizo, hapo kuna msiba. Mara nyingi programu au hifadhidata ilizitupa herufi zamani, kabla printa haijaguswa. Hakuna fonti itakayozirudisha.

Katika hali zote tatu printa haina hatia. Seva nyingi za Linux husimikwa bila skrini, na kwa hivyo bila fonti za maana. Kompyuta ya mezani inaonyesha Kichina vizuri, msanidi anaridhika, kisha seva inatengeneza PDF ile ile na kutoa vijisanduku.

Tiba si ngumu. Ingia kwenye seva uandike fc-list :lang=zh kwa Kichina na fc-list :lang=ja kwa Kijapani. Usipopata jibu, fonti hamna. Kwenye Debian na Ubuntu, sakinisha furushi la fonts-noto-cjk. Fonti hizo zilitolewa mwaka 2014 na Google pamoja na Adobe, na ni bure. Jina Noto lenyewe limetokana na nia ya kuondoa vile vijisanduku, ambavyo mafundi huviita tofu. Ni mafaili makubwa, lakini diski ya leo haitalalamika.

Kisha hakikisha njia nzima, kuanzia hifadhidata na programu hadi amri ya kuchapisha, inatumia UTF-8. Faili za zamani zigeuze kwanza kwa iconv. Mwisho, tengeneza PDF yenye fonti zilizopachikwa ndani ndipo uikabidhi CUPS. Ukipitisha faili hiyo kwenye pdffonts, safu ya emb iseme yes. Mpango mzuri hupachika herufi zilizotumika tu, kwa hivyo faili haivimbi. Zamani printa ililazimika kubeba fonti za Kiasia katika kumbukumbu yake. Ukifanya hivi, hata printa ya bei nafuu itachora kile ilichopewa.

Angalizo moja: Unicode imeunganisha herufi nyingi za Kichina na Kijapani. Herufi 直 ina namba moja, lakini Mjapani na Mchina huichora tofauti. Kwa hivyo waraka wako utaje lugha yake, la sivyo Mjapani atasoma jina lake kwa mwandiko wa kigeni.

Na wale wa herufi za Kilatini? Majina ya ukoo 李, 黎 na 厉 yote huandikwa Li ukiacha alama za toni. Kwenye stakabadhi ya mzigo, watu watatu wamegeuka mmoja. Huko si kurahisisha, ni kufuta utambulisho wa mtu.

Wengine watasema wateja wa aina hiyo ni wachache, kwa nini tujisumbue? Nadhani hapo ndipo tunapojidanganya. Kiswahili kimetudekeza: kwa kuwa kinaenea karibu chote ndani ya ASCII, tunajaribu programu kwa majina yetu na kila kitu kinapita. Lakini andika ng’ombe kwa kile kikoma cha juu kilichopinda, na seva isiyosanidiwa itakutolea ngâ€™ombe. Andika Mũthoni jinsi Gĩkũyũ kinavyoandikwa, na mfumo wa Windows-1252 hauna ũ kabisa. Mũthoni anakuwa M?thoni. Kasoro inayomharibia mtu wa Guangzhou jina ndiyo hiyo hiyo inayomharibia mama wa Murang'a, na seva iliyosanidiwa sawasawa huwahudumia wote wawili.

Basi ombi langu ni dogo. Kabla ya kumkabidhi mteja mfumo wowote unaochapisha, toa karatasi moja yenye mstari huu: ng’ombe, Mũthoni, 李, 直. Isome kwa macho yako, kwenye karatasi, si kwenye skrini. Ikitoka safi, kabidhi kazi. Isipotoka safi, kazi bado haijaisha, hata kama ankara ya kwanza imeshalipwa.