Sheria na Raia: Kidole Kimoja, Madaftari Mawili

Serikali ya Siad Barre ilipoanguka mjini Mogadishu Januari 1991, maelfu ya watu walivuka mpaka wakaingia Kenya, nao wakapewa mahali pa kukaa karibu na Dadaab, katika eneo la Garissa. Kambi zilikusudiwa kuwa za muda. Lakini vita havikuisha, na watoto waliozaliwa humo wamekwisha kuwa wazazi.

Sheria yenyewe si ngumu. Kifungu cha 14 cha Katiba ya 2010 chasema kwamba mtu ambaye baba au mama yake ni raia wa Kenya, naye ni raia kwa kuzaliwa. Atimizapo miaka 18 huenda kwa msajili kutaka kitambulisho. Mkimbizi huandikwa katika daftari jingine, kwa sheria ya 2006 na baadaye ya 2021. Wote wawili huacha alama za vidole.

Taabu ililetwa na njaa. Ukame ulipoua mifugo, raia wa Garissa waliokaa jirani na kambi waliwaona wageni wakipewa unga, mafuta na dawa, hali wao hawana kitu. Wazazi wengine wakawapeleka watoto wao kuandikishwa kama wakimbizi. Mtoto hakuulizwa. Alipokwenda kutaka kitambulisho, vidole vyake vilikutwa katika daftari la wakimbizi, akarudishwa nyumbani mikono mitupu. Mtu wa namna hii hana kura, hafungui akaunti ya benki, na kila kizuizi cha polisi barabarani kwake ni hofu. (Waliosimuliwa na babu zao habari za kipande, kilichovaliwa shingoni ndani ya kibati, hawatastaajabu kwamba alama ya kidole yaweza kumfunga mtu.)

Hata hivyo woga wa Serikali haukuwa wa bure. Watu 67 waliuawa Westgate Septemba 2013, na 148 katika Chuo Kikuu cha Garissa tarehe 2 Aprili 2015. Adui akipata kitambulisho cha Kenya, hupita popote. Na karani atiaye sahihi pasipo kuchungua atajibu nini siku ya kuulizwa? Lakini uchunguzi una mipaka yake. Sheria ya Desemba 2014 ilitaka wakimbizi nchini wasizidi 150,000. Mahkama Kuu ikakibatilisha kifungu hicho Februari 2015. Tena Februari 2017 ikabatilisha amri ya kufunga Dadaab.

Wale wa madaftari mawili walihojiwa kwa maelfu mwaka 2019, wakaonekana wengi wao ni Wakenya. Miaka ikapita, na vitambulisho havikuja. Januari 2025 Mahkama Kuu ya Garissa iliamua kwamba kuwanyima kulivunja haki zao, ikaagiza wapewe.