Dingi kastaafu, ng'ombe wangu wamekwama!

Leo sina stori za disko wala za nani kamwacha nani. Nina kasheshe la nyumbani kwetu Bariadi, na tafadhali msinicheke.

Sisi Wasukuma ukitaka jiko unatoa ng'ombe. Kwao mchumba wangu, kule Maswa, wametaja kumi na tano, punguzo hakuna. Mie nimeishia kidato cha nne na naishi kwa vijisenti vya kuandika, nitawatoa wapi? Tegemeo lilikuwa dingi, mwalimu wa hisabati shule ya msingi. Kila Krismasi aliniambia, "Vumilia mwanangu. Nikipata kiinua mgongo, nyumba ya Somanda naezeka, na ng'ombe wako wanakuja."

Mwaka 2024 akatimiza miaka 60, kazini 30. Hesabu ya mafao ilipotoka, akavuta kigoda, akachukua daftari na kalamu, akaniita. Nawaletea alivyonifundisha.

Tuseme mshahara wako ni milioni moja na umetumikia miaka 30. Kwa kikokotoo cha zamani cha PSPF na LAPF ulichukua nusu kwa mkupuo: milioni 62 mkononi, halafu kama 333,000 kila mwezi. Julai 2022 kikaja kipya cha asilimia 33: milioni 30 na ushee mkononi, 415,000 kwa mwezi. Wafanyakazi wakalalamika weee, na bajeti ya 2024/25 ikawapandisha wale wa nusu hadi asilimia 40. Hapo unapata milioni 37 na kama 372,000 kwa mwezi.

Kwa nini 40 iko mbali hivyo na 50? Kwa sababu hata vigawanyo viliguswa: 540 ikawa 580, na ile mara 15.5 ikawa mara 12.5.

Nisiwe mnafiki, Serikali nayo ina hoja. Kuna wazee walishika mamilioni, wakaongeza vimwana, baada ya mwaka wakawa wanaomba nauli. Hela ya kila mwezi haimkimbii mtu. Tena mfuko ulibeba mzigo wa watumishi wa kabla ya Julai 1999, ambao hawakuwa wakichangia. Mfuko ukikauka, wote tunalia.

Lakini jamani, mbona wakubwa hesabu zao ni tamu? Sheria ya mafao ya viongozi ya 1999 inampa Rais mstaafu asilimia 80 ya mshahara wa Rais aliyeko madarakani. Wa aliyeko ukipanda, wa mstaafu nao unapanda. Mbunge anapata kiinua mgongo Bunge linapomaliza miaka yake mitano. Pensheni ya dingi haikufungwa kwenye mshahara wa mwalimu aliyeko darasani leo.

Mwaka 2018 mambo yalipochacha, Rais Magufuli alirudisha kikokotoo cha zamani Desemba 28, akasema kitumike hadi 2023. Wazee wakapumua. Kipya kikaingia 2022.

Mie naona hivi: mnataka kubadili, badilini kwa anayeajiriwa leo. Ajue mapema, ajenge kidogo kidogo. Aliyebakiza miaka michache mwacheni amalizie na hesabu aliyoanza nayo, maana keshapanga maisha ya watu wengine juu yake, nikiwemo mie!

Dingi hakugomba. Kanunua mabati kwanza, kaniahidi ng'ombe watano. Mchumba anasema atasubiri, ila mama yake ananitazama kwa jicho la pembeni. Nikamuuliza dingi inamuuma nini zaidi. Akafunga daftari.

"Mwanangu, miaka 30 nimewafundisha watoto wa watu kwamba mtihani ukishaanza, swali halibadilishwi."

Haya, tuonane wiki ijayo. Mwenye ng'ombe kumi wa mkopo asinisahau!