MBIO ZA MAKOMBORA: TUPIME SAWASAWA



Siku hizi wakati wa chai ya saa nne hukosi kusikia ubishi juu ya makombora ya haipasoniki, yaani yale yaendayo kasi ya sauti mara tano au zaidi. Mmoja yuko upande wa Urusi, mwingine Uchina, wa tatu Marekani, nao wanabishana kama mashabiki wa Gor Mahia na AFC Leopards. Hatumkatazi mtu kubishana. Lakini akitaka kupima, apime sawasawa.

Urusi ilitangulia kujisifu. Tarehe 1 Machi 2018 Putin alitangaza Kinzhal na Avangard, akasema hayazuiliki. Mei 2023 jeshi la Ukraine likaliangusha Kinzhal moja karibu na Kyiv kwa mtambo wa Patriot wa Marekani. Uchina haikupiga kelele nyingi. Ilipitisha DF-17 katika gwaride la Beijing tarehe 1 Oktoba 2019. Marekani, tajiri kuliko hao wote, ilichelewa. Kombora lake la ARRW lilishindwa katika majaribio kadhaa; mwaka 2023 jeshi la anga likasema halitalinunua, na mwaka 2025 likaomba tena fedha za kulinunua! Mfanyakazi akiharibu kazi namna hiyo hupewa barua ya kufukuzwa.

Tena kasi yenyewe si jambo jipya. Makombora makubwa ya zamani yalikuwa na kasi hiyo hiyo na kuipita. Jipya ni kwamba haya hupinda njiani, na adui hajui yataanguka wapi. Kwa kupinda huko, ofisi ya bajeti ya Bunge la Marekani ilikadiria Januari 2023 kwamba kombora moja lingegharimu dola milioni 41, kama theluthi moja zaidi ya gharama ya lile la kawaida lililowekewa kichwa kinachoweza kupinda pia. Dola hizo ni zaidi ya shilingi bilioni 5 zetu, kwa kitu kinachoruka mara moja tu.

Atakayesema hayo ni mambo ya wakubwa wa mbali akumbuke mkate wa mwaka 2022. Vita vya Ukraine vilifunga bandari za Bahari Nyeusi, na sehemu kubwa ya ngano tunayonunua nje hutoka Urusi na Ukraine. Bei ilipanda dukani, na mwenye kulipa alikuwa mimi na wewe.

Sasa tuwatazame wanaoyaunda. Huko Novosibirsk, Urusi, iko taasisi ya wataalamu wa mwendo huo wa kasi. Watatu wao walikamatwa mwaka 2022 na 2023 kwa shitaka la uhaini. Anatoly Maslov, mzee wa miaka 77, alihukumiwa miaka 14 Mei 2024. Alexander Shiplyuk, mkurugenzi wao, akapewa miaka 15 Septemba mwaka huo. Wenzao kazini hawakunyamaza. Mei 2023 waliandika barua ya wazi kwamba maandishi ya hao watatu yalikaguliwa na hayakuonekana na siri. Kuandika barua ile katika nchi ile kulitaka moyo, nasi twawaheshimu.

Marekani nako, Agosti 2025, wafanyakazi zaidi ya 3,000 wa Boeing mjini St. Louis, waundao ndege za vita, waligoma kwa ajili ya mshahara na akiba ya uzeeni. Walikaa nje zaidi ya miezi mitatu, na mwajiri akatangaza kuajiri wengine mahali pao. Fedha za silaha zipo, za waundaji zinatafutwa! Uchina hata kuunda chama huru hakuna ruhusa; liko shirikisho moja tu, chini ya chama tawala.

Basi kesho kwa chai, atakayesema Urusi inaongoza na atuambie kwanza Shiplyuk atarudi nyumbani lini.