"Mke Wangu Hatafanya Kazi": Na Dagaa Ataanika Nani?

Juzi bi harusi mtarajiwa alikuja kwetu kupima gauni, kaongozana na mchumba wake na shangazi. Kijana akatamka kwa majivuno: "Mke wangu hatafanya kazi." Tulicheka mpaka pini zikatudondoka. Hapa Mwamgongo?

Nyinyi wa visiwani hamtujui. Tuko kando ya Ziwa Tanganyika, kaskazini ya Hifadhi ya Gombe, na Kigoma mjini tunakwenda kwa boti. Wanaume wanavua dagaa usiku kwa taa. Asubuhi kazi inageuka yetu: kununua kwa beseni, kuanika, kugeuza, kukimbizana na mvua, kujaza magunia. Anayevua anaitwa mvuvi. Anayeanika "anamsaidia mumewe". Na msaada, jamani, haulipwi.

Hasara yake ni hii. Dagaa wa mchangani bei yao ndogo, nani anataka kutafuna mchanga? Wa kwenye chanja ni safi, wanauzika vizuri. Chanja yenyewe ni miti na nyavu, si ghorofa! Lakini mwanamke asiyeachiwa hata shilingi ya mauzo ataijenga kwa pesa ipi? Anaanika chini, mvua inanyesha, dagaa wanaoza, kisha mume anauliza pesa imekwenda wapi. Imekwenda na mvua, baba watoto.

Mwaka 2024 serikali ilipofunga uvuvi ziwani, Mei 15 hadi Agosti 15, ili samaki wazaliane, hatukubisha. Ila miezi ile mitatu cherehani zetu hazikuitwa msaada. Ziliitwa chakula.

Wapo watakaotuletea dini. Karibuni. Surat An-Nisaa, aya ya 32, imetaja fungu la wanawake katika walichochuma kama ilivyotaja la wanaume. Mahari ni ya bi harusi, si ya mjomba. Matumizi ya nyumba ni juu ya mume hata mke akiwa na duka. Na Bibi Khadija (r.a.) alikuwa mfanyabiashara, Mtume (s.a.w.) alisafiri na mali yake hadi Sham kabla hawajaoana. Nani ana staha kumzidi yeye?

Basi mwali, kabla ya nikaha uliza: nitakachochuma kitakaa mkononi mwa nani? Huyu wetu aliuliza palepale, mbele ya shangazi. Kijana akasema anakwenda kushauriana na baba yake. Gauni bado tunalo, mkono mmoja haujashonwa.