Mkate Usiokandwa

Kuna rafu moja katika supamaketi za Dar es Salaam ninayoichukia. Hapo ndipo unapokaa mkate "usio na gluteni": umesafiri kutoka Ulaya, umefungwa kwenye plastiki, na bei yake inanunua kilo tatu za mchele. Ukiukata unamomonyoka. Ukiutafuna unakauka mdomoni kama unga mbichi. Na sisi wagonjwa tunatakiwa tushukuru kwamba upo.

Sishukuru. Nina siliaki: nikila ngano, shayiri au rai, kinga ya mwili wangu inashambulia utumbo mwembamba. Tiba ni kuacha nafaka hizo maisha yote. Wenzangu wa shahada ya uzamili wanauita "ugonjwa wa Wazungu". Wakawaulize Wasaharawi wa Sahara Magharibi: utafiti uliochapishwa mwaka 1999 uliukuta kwa zaidi ya asilimia 5 ya watoto waliopimwa, kiwango kinachozidi cha Ulaya mara kadhaa.

Mkate ule wa rafuni unashindwa kwa sababu unaiga. Gluteni ndiyo inayofanya donge la ngano livutike na kushika hewa ya hamira. Iondoe, kisha ulazimishe wanga wa viazi ujifanye boflo, utapata boflo lililokufa.

Wapishi wa pwani hawakuiga. Mchele haukandiki, basi wakaumimina. Mchele unalowekwa usiku kucha, unasagwa na tui zito la nazi, unatiwa hamira, sukari na iliki, rojo linaachwa liumuke, kisha linaokwa sufuriani, moto chini na makaa juu ya kifuniko. Unatoka laini, wenye matundu, kahawia pembezoni. Mkate wa kumimina: jina lenyewe ndiyo mbinu. Lakini mtaalamu wa lishe niliyemwendea alinipa orodha ya bidhaa za kuagiza nje, na mkate huo hakuutaja hata mara moja. Kwake ni kitu cha futari.

Msiniambie ni mtamu mno. Acha sukari, tia chumvi, ule na mchuzi wa samaki. (Ukilala hadi asubuhi ni mzuri zaidi. Anayepinga aje tubishane.)

Hata hivyo, sisi wenyewe tunauharibu kwa kijiko cha ngano. "Mama, umetia ngano humu?" nilimuuliza muuza vitumbua karibu na chuo. "Kidogo tu mwanangu, vishikane." Viwango vya kimataifa vya Codex vinataka chakula kinachoitwa hakina gluteni kisizidi miligramu 20 za gluteni kwa kilo. Kijiko kile kinapita hapo mbali sana. Halafu kuna mashine za kusaga: asubuhi ngano, mchana mchele, bila kusafishwa.

Mama yule simlaumu, aliniambia ukweli. Mgahawa mmoja wa vijana wasomi kama sisi umeandika ubaoni "haina gluteni", na mkate huo unakatwa kwa kisu kilekile cha keki za ngano. Nilipouliza, mhudumu alicheka.

Ninachodai si kikubwa: blenda isiyoguswa na ngano, sufuria yake, na muuzaji anayejua anachouza. Mama wa vitumbua amekubali kunichotea rojo kila Jumamosi kabla hajatia kijiko chake, nikienda na bakuli langu. Mgahawa bado haujafuta ubao.