Mpelelezi Aliyempenda Mshitakiwa

Majuma mawili yaliyopita umeme wetu ulikwisha kwenye mita, na jirani akatualika kwake kutazama televisheni. Baridi ya Ufipa ya mwezi wa Juni mwaijua. Tulikaa tumejifunika mablanketi kama abiria wa lori, wazee kwa watoto. Tamthiliya ilikuwa ya mauaji: tajiri amekutwa amekufa, mjane wake kijana anashukiwa, na mpelelezi anayemhoji amempenda. Alipomshika mkono katika chumba cha mahojiano, akina mama wakapiga vigelegele, mke wangu pamoja nao. Mimi nikauliza, "Je, kama ndiye aliyeua?" Nikaambiwa ninyamaze, karani wa parokia anajua nini juu ya mapenzi.

Nilinyamaza pale, lakini hapa nina kalamu. Wala msidhani nachukia hadithi za namna hii. Chuoni, nilipokuwa nasomea ualimu, kitabu cha Muhammed Said Abdulla wa Unguja, Mzimu wa Watu wa Kale, kilichotolewa mwaka 1960, kilipita mkono kwa mkono bwenini mpaka jalada likatoka. Nampenda Bwana Msa na kiko chake hata leo. Ninalouliza ni hili: mwenye ufunguo na aliyefungiwa, wanapendanaje?

Chukueni mambo yalivyo kwetu. Kosa la kuua kwa kukusudia halina dhamana. Mwanamke akishitakiwa hivyo hapa Sumbawanga, hakai sebuleni kwake akimngoja mpelelezi kwa chakula cha jioni. Yumo mahabusu, na habari za watoto wake zampitia kwa watu wengine. Tena Sheria ya Ushahidi ya mwaka 1967 yasema kwamba kukiri kosa mbele ya polisi kwa sababu ya vitisho au ahadi hakuhesabiwi kuwa ni kwa hiari. Na mkono ule ulioshikwa ulikuwa nini kama si ahadi? Kama mjane yule hana hatia, anayempenda ndiye anayeiharibu kesi yake. Kama ndiye muuaji, basi marehemu hana mtu.

Nimeona mara moja tu jambo hili likitengenezwa vizuri. Padre mmoja mzee, aliporudi kwao, alituachia sahani za mchezo wa televisheni ya BBC wa mwaka 1987. Umetokana na vitabu vya Dorothy Sayers, Mwingereza, binti wa mchungaji wa Kianglikana. Katika kitabu cha 1930, Harriet Vane, mwandishi wa hadithi za upelelezi, ameshitakiwa kumpa sumu mwanamume aliyekuwa akiishi naye. Wazee wa baraza hawakupatana, kesi ikaamriwa kusikilizwa upya. Bwana mmoja mkubwa, Lord Peter Wimsey, ambaye si polisi bali hupeleleza kwa kupenda kwake, akamwendea gerezani akamwambia anataka kumwoa. Baadaye akavumbua kwamba mwenye hatia ni mwanasheria, binamu wa marehemu, aliyekula chakula kile kile chenye sumu pasipo kudhurika, kwa kuwa alikwisha kuuzoeza mwili wake sumu hiyo kidogo kidogo. (Watoto, msijaribu.)

Basi Harriet akafunguliwa. Je, aliolewa? Alikataa! Nilipomfasiria mke wangu hapo, alisema mwanamke huyu ni mjinga, mtu amekuokoa na kitanzi unataka nini tena? Lakini Harriet aliona kwamba anayedaiwa uhai wake hana nafasi ya kusema hapana, na asiyeweza kusema hapana, ndiyo yake haina uzito. Hakukubali mpaka kitabu cha mwaka 1935, na kwa muda wote huo Wimsey alimwuliza, akajibiwa, akangoja.

Yanigusa kwa sababu ya binti mmoja, ambaye mwenyewe ameniruhusu niandike bila jina. Alikuja na mchumba wake kuandikisha ndoa. Padre huwahoji mmoja mmoja, lakini huyu alianzia mezani kwangu. Nikamwuliza kama aja kwa hiari yake, kama Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inavyotaka na Kanisa pia. Akajibu, "Huyu ndiye aliyenitoa mahabusu. Nitamkataaje?"

Kalamu yangu ikasimama. Nikampeleka kwa padre. Padre akatusomea kanuni ya 1089: mwanamke aliyetekwa kwa ajili ya kuolewa hawezi kufunga ndoa na aliyemteka mpaka atengwe naye, awekwe mahali pa usalama na uhuru, ndipo achague mwenyewe. Binti huyu hakutekwa, na mchumba wake ni mtu mwema kwa kadiri nijuavyo. Lakini padre alisema hekima ni ile ile. Binti akaenda kwa shangazi yake Namanyere. Kijana alinuna, akaacha hata kunisalimu sokoni.

Alirudi baada ya mavuno ya maharage, amekuja peke yake kwa basi la asubuhi. Akaniambia nifungue daftari niandike majina yote mawili. Kijana alikuwa akitaka Julai. Binti akasema itakuwa Jumamosi ya pili ya Agosti, na kwamba atakwenda kumwambia yeye mwenyewe.